Mji na bahari kwa safari moja: anzeni na mwezi, jina la mahali litafuata

Mkuu, swali lako mimi na mke wangu tumeshapambana nalo mara kadhaa, na mara moja tulilikosea kabisa, kwa hiyo nivumilie niandike kwa kirefu. Umesema mna siku kumi za likizo kuanzia katikati ya Septemba, mtakuwa wawili na mtoto wa miaka sita, mnataka mji wa kutembea na bahari ya kuogelea kwa safari moja, na mmebaki na majina matatu: Barcelona, Dubai na Phuket. Waliotangulia kukujibu kila mmoja ametaja mahali alipofurahia yeye. Sijaona aliyegusa neno Septemba, na kwangu mimi hilo ndilo neno zito kuliko yote uliyoandika.

Sisi tulikwenda Phuket Septemba. Tiketi zilikuwa nafuu, hoteli imeshusha bei, tukaona bahati imetuangukia. Asubuhi ya kwanza tukashuka ufukwe wa Kata na kukuta bendera nyekundu zimechomekwa mchangani kutoka mwanzo hadi mwisho. Binti yetu alikuwa ameshajivika boya kiunoni tangu chumbani. Mawimbi yalikuja marefu, yakavunjika karibu kabisa na ukingo, na maji yakirudi unahisi mchanga unachimbwa chini ya nyayo zako. Mwokoaji alikuwa anapuliza filimbi kila maji yakimfika mtu magotini. Mtoto akaketi na boya lake mpaka saa sita mchana akisubiri bendera ziondolewe. Hazikuondolewa siku ile, wala kesho yake. Kati ya siku nane tulizokaa, aliogelea baharini mara mbili tu.

Phuket ni pazuri sana kwa msimu wake. Shida ni kwamba fukwe zake maarufu zinatazama magharibi, upande wa Bahari ya Andaman, na kuanzia Mei hadi Oktoba upepo wa monsuni wa kusini-magharibi unazipiga usoni. Maji yanayosukumwa ufukweni lazima yatafute njia ya kurudi, yanajikusanya kwenye mfereji mwembamba na kutoka kwa kasi kuelekea kina kirefu. Ukiangalia kwa juu, mfereji huo ndio unaoonekana umetulia kuliko sehemu nyingine, ndiyo maana wageni huuchagua, na ndiyo maana wanazama. Ukinaswa, usipigane nao kwa kurudi ulikotoka. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka uutoke, ndipo ugeuke. Mtoto wa miaka sita hawezi kufanya hivyo, kwa hiyo kwake bendera nyekundu maana yake haingii, basi.

Na angalia jambo hili: ndani ya Thailand hiyohiyo, upande wa pili, kisiwa cha Koh Samui kiko kwenye Ghuba ya Thailand na kina kalenda yake. Mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba, Novemba ikiwa mbaya zaidi, wakati ambapo Phuket inaanza kutulia. Kwa hiyo mtu akikwambia "nenda Thailand" bado hajakwambia kitu. Muulize pwani ipi, mwezi gani.

Dubai kwa Septemba bado ni joto kali. Mchana nyuzi 38 au 39 ni kawaida, na bahari yenyewe inazidi nyuzi 30, unaingia majini usipate nafuu yoyote. Mtaishia ndani ya maduka makubwa yenye kiyoyozi, mkitoka ufukweni asubuhi na jioni tu. Novemba hadi Machi ningekujibu tofauti kabisa.

Inabaki Barcelona, na hapa mwezi uko upande wenu. Bahari hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Mwezi Mei jua la Barcelona linawaka, picha zinapendeza, lakini maji yapo kwenye nyuzi 17 au 18, na mtoto atatoka midomo inatetemeka. Septemba hewa imeanza kupoa lakini maji yamekusanya joto la kiangazi chote, yanakaribia nyuzi 24. Hali ni hiyohiyo sehemu kubwa ya Mediterania, ikiwemo Athens, Antalya na Valencia. Mtu anayeweza kuchagua kati ya Juni mwanzoni na Septemba mwishoni, kwa ajili ya kuogelea achague Septemba.

Ila msichukulie kwamba kila mji wa Ulaya ya kusini wenye ufukwe una maji ya aina hiyo. Lisbon tuliipenda kwa moyo wote. Treni inaondoka stesheni ya Cais do Sodré, inafuata ukingo wa mto Tagus hadi baharini, na kwa dakika 40 hivi mko Cascais. Ilikuwa Agosti, jua kali. Mke wangu aliingiza mguu mmoja, akautoa, akanitazama bila kusema neno. Atlantiki pale hata kilele cha kiangazi hucheza kwenye nyuzi 19 au 20. Cape Town nayo ni hivyohivyo, tena zaidi: Camps Bay inavutia kuliko fukwe nyingi duniani, lakini upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi husukuma maji ya juu kwenda mbali na ya baridi yakapanda kutoka chini. Ukitaka kuogelea unavuka kwenda upande wa False Bay, Muizenberg kwa mfano, ambako maji yana joto zaidi. Ndiyo maana siku hizi nikitafuta mahali nafungua kwanza wastani wa joto la maji kwa mwezi, kabla ya hoteli, kabla ya tiketi. Inachukua dakika mbili.

Jambo la pili ni umbali kati ya kitanda na mchanga. Mwaka mmoja tulibuku hoteli iliyoandikwa iko mita 400 kutoka ufukweni. Mita 400 zilikuwepo kweli, kwa mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka. Katikati yake kulikuwa na reli na barabara ya njia sita, na daraja la kuvukia kwa miguu lilikuwa mbali. Dakika 25 kwenda, mtoto begani, mwavuli mkononi, na dakika 25 kurudi mkiwa na mchanga mwili mzima. Siku ya tatu tukaanza kukodi teksi. Kabla ya kulipa, fungua ramani, weka alama ya hoteli na alama ya ufukwe, chagua njia ya kutembea kwa miguu, usome dakika. Kisha angalia picha zilizopigwa na wageni ndani ya mwezi wenu, ziache za hoteli.

Kwa kipimo hicho Barcelona inafanya vizuri, kwa sababu fukwe ziko ndani ya mji wenyewe. Ule ukanda wa bahari ulikuwa wa viwanda na reli, ukafunguliwa na kupangwa upya kwa ajili ya Olimpiki ya 1992, na leo metro inakushusha karibu. Barceloneta ndiyo yenye jina na ndiyo yenye msongamano. Mkisogea kaskazini hadi Nova Icària au Bogatell mtapata nafasi ya kutandika taulo bila kugusana na jirani. Mkitaka siku ya utulivu, Sitges ipo kusini, treni kama dakika 40. Valencia nayo iweke akilini, tramu inakufikisha Malvarrosa, mchanga mpana, na katikati ya mji kuna bustani ndefu iliyotengenezwa kwenye mkondo wa zamani wa mto Turia, mto uliohamishwa baada ya mafuriko ya 1957. Mtoto atakimbia humo mpaka achoke. Nice ya Ufaransa ni nzuri pia, lakini ufukwe wake ni wa kokoto, na kwa miguu ya miaka sita hilo si jambo dogo. Bebeni viatu vya majini.

Kuhusu kugawa siku. Siku kumi, toeni mbili za kusafiri, zinabaki nane. Tafadhali msiweke vituo vitatu. Kila mkihama mnapoteza nusu siku: kufunga mizigo, kukabidhi chumba, kusubiri kingine kiwe tayari. Kwa wenye mtoto naona kituo kimoja ndicho bora, mji asubuhi kabla jua halijakolea, bahari kuanzia saa tisa alasiri.

Tahadhari za Barcelona ni za kweli, si uvumi. Vibaka wa kuchomoa pochi wako La Rambla, ule mtaa maarufu wa matembezi, kwenye metro na hata ufukweni. Simu isiwe mfuko wa nyuma, na mkiingia majini mmoja abaki na vitu. Sagrada Família, lile kanisa maarufu la mji, tiketi zake ni za saa maalum, kateni mapema mtandaoni. Mkipanga nyumba badala ya hoteli, hakikisheni tangazo lina namba ya leseni, maana mji ule umebana sana nyumba za watalii. Halafu Septemba kuna sikukuu ya La Mercè, kilele chake ni tarehe 24. Hoteli hujaa, lakini mtoto ataona watu wakipandiana mabegani hadi mnara wa ghorofa kadhaa, na juu kabisa anakwea mtoto wa umri kama wake.

Kama pasipoti zenu zinahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Hispania, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msisubiri hizo 15, nafasi za miadi huisha. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000 za matibabu.

Kwa wanaosoma na kufikiria kwingine: Cancún na pwani ile ya Karibi, chunguzeni mwani wa sagasamu, ambao tangu 2011 miaka mingi umekuwa ukifurika fukweni, hasa miezi ya joto, na msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Bali, kiangazi chake ni Aprili hadi Oktoba.

Kwa siku zenu, mkuu, ningefanya hivi: usiku wote Barcelona, chumba mtaa wa Poblenou, ambako Bogatell mnaifikia kwa miguu. Sagrada Família siku ya pili asubuhi, Sitges katikati ya safari, siku ya mwisho msipange kitu ila bahari. Na boya la mtoto liwekeni juu kabisa kwenye begi.