Uji wa kwanza usitoe kwa huruma

Wadogo zangu mnaoanza wodini, jana kwenye raundi nimekuta tena yale yale, mgonjwa wa saratani ya umio, wiki mbili anameza maji tu, kawekewa mpira wa puani asubuhi na hadi mchana ameshapigwa lita nzima ya uji wa lishe. Roho imeniuma jamani. Aliyekaa na njaa muda mrefu ukimlisha ghafla, chumvi za damu zinaporomoka na anaweza kufa, ndiyo wanaita refeeding syndrome.

1. Pima uzito, uliza alikula lini mara ya mwisho. Zaidi ya siku 10 hajala cha maana, au BMI (uzito wake ukilinganishwa na urefu) iko chini ya 16, au kapungua zaidi ya asilimia 15 ndani ya miezi 3 hadi 6, huyo yuko hatarini hata kama anakuchekea.

2. Thiamini, yaani vitamini B1, inatangulia chakula.

3. Anza na kilokalori 10 kwa kilo kwa siku, akiwa hoi sana anza na 5, panda taratibu siku 4 hadi 7. Hii niliijibu vizuri tu kwenye mtihani. Halafu nikiwa intani huku huku nyanda za juu, mwezi wa saba, baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, akaletwa mama kutoka Makete, kabaki mifupa. Tulipomwekea mpira binti yake akashika chupa ya chai imejaa uji wa ulezi na maziwa, akaniuliza daktari, sasa mama anaweza kula? Nikasema mpe, mpe ashibe. Kesho yake mama akachangamka, akaomba kitenge chake kipya. Siku ya tatu miguu imevimba, anahema, mapigo hayaeleweki, mimi nikaona nimonia, nikaandika antibayotiki na dripu ya dekstrosi, yaani sukari, juu yake! Sista mmoja mkongwe akaniuliza polepole, potasiamu umepima? Sikuwa nimepima. Sukari ikiingia insulini inapanda, inasomba fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli, na akiba alishaimaliza kwa njaa, moyo utafanya kazi na nini? Alifariki alfajiri. Binti alinishukuru, akaondoka na ile chupa, uji bado umo.

4. Pima elektroliti, yaani hizo chumvi za damu, kila siku wiki ya kwanza. Fosfeti haipimiki hapo ulipo? Basi nenda polepole zaidi, ila usimwache na njaa kwa uoga.

5. Ndugu waonyeshe kikombe chenyewe, na saa za kumpa.

Yule wa jana tumempunguzia, potasiamu inarudishwa, saa nane napita tena kumwona.