Wahusika wako wote wana sauti moja

Mdogo wangu, unasema msomaji wako kalalamika kuwa bibi, utingo na mwalimu kwenye hadithi yako wanaongea sawasawa. Hebu kaa asubuhi moja kwa muuza kahawa hapo Ngamiani, usiandike kitu, sikiliza tu. Watu hawajibu walichoulizwa! Juzi mmoja kaulizwa, "Ile hela yangu lini?" Akapuliza kikombe: "Kahawa ya leo chungu kweli." Nshamjua, hata sura sijapewa.

Kwa hiyo kila mhusika mpe anachokitaka na anachokificha. Maneno yake yatapita katikati. Na hizo "alisema kwa hasira" punguza, zimezidi. Mwache asukume kikombe, kahawa imwagike. Kisha soma kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, futa.