Moyo na ibada havigombani

Ndugu yangu, umesema kwamba kwa kuwa Mungu anaangalia moyo, basi kwenda kanisani, kufunga na kutoa zaka ni maonyesho tu. Hapo kwenye moyo niko nawe kabisa. Hayo mengine, hapana.

Soma Mathayo 23:23 taratibu. Yesu anawakemea waandishi (walimu wa sheria ya Musa) na Mafarisayo (kundi la Wayahudi walioishika sheria hiyo kwa ukali) wanaotoa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira (hebu fikiria mtu anavyotenga fungu la kumi la majani ya kiungo!), huku wameacha adili, rehema na imani. Ungetarajia awaambie zaka basi. Wapi! Anasema hayo makuu iliwapasa kuyafanya, na yale mengine wasiyaache. Hata kwenye Mathayo 6 hakatazi kufunga. Anasema ukifunga, jipake mafuta kichwani, unawe uso, watu wasijue.

Anayeshika kila ibada huku hasemezani na nduguye ana shida kubwa sana. Mathayo 5:23-24 inamwagiza aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane kwanza. Lakini akishapatana, anaambiwa arudi aitoe.

Naona unafiki wa watu umekuumiza, na una haki ya kuumia. Ila usiache kusali kwa sababu ya wanaosali ili waonekane. Kama ibada ya pamoja imekuwa ngumu kwa sasa, anza na sala ya faragha, kisha tafuta wawili watatu unaowaamini msali pamoja.