Jeki zinazama, si kompyuta

Kaka, umeuliza kama kompyuta ya jeki za otomatiki, ile miguu ya chini inayosawazisha gari la kulala ukiegesha, ni mbovu, maana zinahangaika halafu gari linabaki limeinama. Angalia chini kwanza. Masika udongo wa Usa River, huku Arusha, ni uji. Weka kipande cha mbao nene chini ya kila mguu ndipo ubonyeze kitufe, na injini iwe inawaka, maana betri ikilegea mfumo unakata katikati.

Mteremko ukiwa mkali, hama. Usikubali tairi za nyuma ziachie ardhi: handibreki mara nyingi inashika huko huko nyuma, gari litateleza. Niliona gari moja Njiro limeteleza hivyo, sahani zote za chakula chini! Asubuhi kabla ya kuondoka chungulia uvunguni mwenyewe uone jeki zote zimepanda, taa ya dashibodi haitoshi.