Kayaki yenye tangi la chambo hai: ijaribu ikiwa imejaa

Kibua akisimama, amekwisha. Samaki wengi hata wakitulia huendelea kufungua na kufunga mdomo ili maji yapite kwenye matamvua, lakini kibua hupata pumzi kwa mwendo. Lazima aende mbele mdomo wazi, usiku na mchana, maisha yake yote. Naanza na kibua, samaki tunayemtia tangini awe chambo hai, kwa sababu kila ninachoulizwa juu ya hizi kayaki mpya za uvuvi, zilizojengewa tangi la chambo ndani kwa ndani, jibu lake naliona kwake.

Mimi navua San Diego, kusini mwa California. Nilizaliwa Pangani, na baba yangu alikuwa na ngalawa. Chambo chetu kilikuwa dagaa na vipande vya ngisi ndani ya pakacha, juu kimefunikwa gunia bichi, na tukifika mwambani kilikuwa kimeshalainika. Tulivua hivyo hivyo na tukala. Huku ndiko nilikokuta watu wanavua peke yao, kila mmoja na kayaki yake, na chambo kikiwa hai. Tofauti nimeiona kwa macho yangu: kolekole wa huku, yule mwenye mkia wa njano, anaweza kupita ubavuni mwa samaki wa plastiki asigeuke hata kidogo, kisha akamfukuza kibua hai mpaka juu ya maji.

Kwa miaka mingi nilitumia tangi la kuhamisha, ndoo kubwa yenye pampu ninayoifunga kwa mikanda nyuma ya kiti. Mwaka huu duka moja lilishusha kayaki zake mpya ufukweni Mission Bay ili watu wazijaribu bure. Nilikwenda na mzee mmoja wa Lamu tunayeishi naye mtaa mmoja, mtu aliyekulia majahazini. Kulikuwa na tatu zenye tangi la kujengewa. Zote nilizipiga kafi zikiwa tupu na zote zilikuwa tamu. Mission Bay ni hori lililotulia, na chombo kitupu penye maji kama yale hakikwambii lolote.

Nikamwomba kijana wa duka tuyajaze maji matangi yote matatu. Alishangaa, lakini akakubali. Hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Kayaki ya kwanza tangi lake lilikuwa nyuma ya kiti, la lita 45, la mraba. Lita moja ya maji ya bahari ni zaidi ya kilo moja kidogo, kwa hiyo nilikuwa nimepakia kilo 46 nyuma ya mgongo wangu, karibu uzito wa mtoto wa darasa la saba. Tezi, yaani nyuma ya chombo, ilizama, omo ya mbele ikainuka, na kila upepo ulipovuma ulishika omo ukaigeuza. Nilipotaka kuchukua kitu tangini ilinibidi nijipinde kiuno nzima. Katika hori hilo si neno. Nje baharini, wimbi likija ubavuni nawe umegeukia nyuma mkono mmoja majini, utapinduka.

Nikapunguza maji mpaka nusu nikidhani nitapata nafuu. Ikawa mbaya zaidi. Tangi lililojaa mpaka juu maji yake hayana pa kwenda, hutulia kama mzigo. Tangi la nusu maji yake hukimbilia upande ule ule chombo kinaoinamia, yakazidi kukiinamisha. Manahodha wanalijua hili kwa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Kwa hiyo ukiwa na tangi, ama lijae, ama liwe tupu. Usitembee na nusu.

Ya pili ilikuwa na tangi katikati, kati ya kiti na miguu, lita 30, umbo la yai. Niliijaza, nikakaa, na nilihisi imeshika maji vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa tupu, maana uzito ulikuwa chini na palepale kitovuni mwa chombo. Mkono uliingia tangini bila kuinuka wala kugeuka. Ya tatu tangi lilikuwa mbele kabisa, halifikiki bila kutambaa, na sina zaidi la kusema juu yake.

Wakati mimi napiga kafi, mzee alikuwa amepiga magoti kwenye ile ya kwanza, ameingiza mkono mpaka begani, anapapasa tangi kwa ndani. Akaniita.

"Mwanangu, leta mkono wako. Hapa pembeni."

Nikaingiza. Ilikuwa kona kali, plastiki imekutana kwa pembe mraba.

"Hapa ndipo watakapofia," akasema.

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Samaki atakwenda mbele, atagonga. Atageuka, atagonga tena. Asubuhi nzima."

Siku chache baadaye niliikodi ile ya tangi la nyuma kwa asubuhi moja, na ile ya katikati kwa asubuhi moja, nikazipeleka La Jolla, ufuko wa San Diego ulio kwenye bahari ya wazi, ili niwe na haki ya kuandika haya. Aliyosema mzee niliyaona. Katika tangi la mraba, baada ya saa moja, vibua watano kati ya wanane walikuwa na pua nyekundu zilizochubuka, na wawili walikuwa wakiogelea upande. Katika lile la umbo la yai walizunguka kwa mpangilio, wote wakielekea upande mmoja, kwa sababu mdomo wa pampu uliyaingiza maji kwa mshazari yakazunguka. Unapochagua, tazama mambo hayo mawili kwanza: kona na mahali maji yanapoingilia.

La Jolla watu huingilia Avenida de la Playa, barabara inayoishia ufukweni, chombo kinaburutwa mchangani na kusukumwa katikati ya mawimbi yanayovunjika. Kolekole wanapenda pale kwa sababu kuna korongo la chini ya bahari linaloanzia karibu sana na ufuko, kina kinashuka ghafla. Ila ukishaingia tu, umo ndani ya hifadhi ya bahari ya Matlahuayl, ambapo tangu mwaka 2012 hairuhusiwi kuvua chochote, na chambo nacho ni samaki. Unapita tu, ndoana zote zikiwa juu. Nimeona wageni wakishusha mishipi ya chambo ndani ya mipaka kwa kudhani kibua hahesabiwi. Anahesabiwa. Na leseni ya uvuvi ya California unaihitaji ukiwa na umri wa miaka 16 na kuendelea.

Tangi liwe tupu unapovuka mawimbi, na hapa nawasihi kwa moyo wote. Mtu mmoja niliyekuwa nikimwona ufukweni alilijaza kabisa akiwa mchangani ili asipoteze muda huko nje. Wimbi la pili lilimkuta chombo kikiwa kizito hakiinuki, likapita juu yake, kayaki ikageuka ubavu na kumpindukia. Alitoka mzima, lakini kayaki yenye kilo 30 za maji juu ya uzito wake wenyewe, ikisukumwa na wimbi, inaweza kuvunja mguu. Vuka kwanza, jaza baadaye. Wakati wa kurudi, simama nje ya mawimbi, chomoa kizibo, subiri tangi liishe kabisa, ndipo uje. Na jaketi la uokoaji liwe limefungwa mwilini, si nyuma ya kiti.

Sasa pampu. Nyingi kati ya hizi kayaki huvuta maji kupitia tundu lililo chini ya bodi. Wazo ni zuri, kwani hakuna mpira unaoning'inia nje wa kunasa kwenye misitu ya mwani. Tatizo ni kwamba chombo kikirukaruka juu ya mawimbi, tundu hutoka nje ya maji, pampu inameza hewa, na ikishameza hewa inazunguka bure. Injini unaisikia, kwa hiyo unaamini kazi inafanyika. Ndivyo ilivyonikuta asubuhi ya pili. Nilikuwa natazama kipima kina, na nilipofungua kifuniko baada ya kama dakika kumi, vibua sita walikuwa juu kabisa wakihema. Niliinamisha kayaki upande wa pampu, nikazima, nikasubiri hewa itoke, nikawasha, maji yakaja. Wawili hawakupona.

Kwa hiyo usiamini sauti. Zoea kutazama maji yanayotoka kwenye tundu la juu la kumwagia, kila baada ya dakika chache. Na uwe na upo wa kuchotea maji. Hata chupa ya plastiki iliyokatwa chini inatosha: pampu ikigoma, unachota maji mapya unamwaga ndani, na samaki wanaishi mpaka unapotengeneza.

Betri zinazotumika ni za volti 12. Pampu ndogo inakula kama ampea mbili, na betri ya risasi ya ampea-saa saba, kwa hesabu ya karatasi, ingekaa saa tatu na nusu, lakini ukiimaliza hivyo kila mara itakufa mapema. Zile za lithiamu ni ghali, ila ni nyepesi sana na zinatoa karibu chaji yake yote bila kuumia. Mimi nimehamia huko. Kisanduku cha betri kiwe juu ndani ya bodi, kisikae sakafuni, na nyaya ziwe na fyuzi.

Kwa nini kisikae sakafuni? Kwa sababu tangi la kujengewa limeunganishwa na tumbo la kayaki, na kila kiungo ni mahali pa kuvujia. Moja ya kayaki nilizokodi ilikuwa na kibanio cha mpira kilicholegea, na niliporudi ufukweni nilimwaga maji tumboni kwa dakika kadhaa. Sikuyahisi nilipokuwa baharini. Nilidhani nimechoka tu, kumbe nilikuwa navuta lita nyingi ambazo sikuzipakia. Sasa kabla ya kununua au hata kukodi, nafanya hivi: nalijaza tangi nchi kavu, natandika magazeti makavu ndani ya bodi chini ya viungo vyote, nawasha pampu, nasubiri saa nzima. Gazeti likilowa mahali, unajua pa kukaza.

Idadi ya samaki ni jambo ambalo watu hawataki kulisikia. Muuzaji atasema tangi la lita 30 linabeba vibua ishirini. Linabeba, kwa robo saa. Mimi sizidishi wanane, na wakiwa wakubwa, watano. Vibua wakishaingia hutapika na kunya, maji yanafanya povu, na nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua, kwa hiyo pampu isizimwe hata kidogo wakati huo. Wandugu wa Mombasa na Dar wanaoniuliza kama tangi hili litawafaa huko, nawaambia wapunguze zaidi. Maji ya La Jolla majira ya baridi hushuka mpaka kama nyuzi 14 au 15. Ya kwetu hufika 28, 29. Kutoka nyuzi 15 mpaka 29, oksijeni ambayo maji ya bahari yanaweza kubeba hupungua kama moja ya tano, na samaki mwenyewe kwenye joto anahema zaidi. Anza na wanne, uone.

Na usimshike kwa mkono mkavu. Ule utelezi wa mwilini ndiyo kinga yake, ukimpangusa umemuua, hata kama atakufa saa moja baadaye. Ninapopandisha sabiki, ule mshipi wenye ndoana ndogo ndogo sita, naushika kwa juu, nainamisha ndoana kwa kile kijiti chenye kulabu, kibua anaanguka mwenyewe tangini bila kuguswa. Hapo ndipo tangi la katikati liliponiteka moyo: liko chini ya mikono yangu. Lile la nyuma nilikuwa nawarusha begani, na mmoja kati ya watatu aliangukia juu ya kayaki akapigapiga na kumwaga magamba.

Je, ulipie tangi la kujengewa? Ukiwa mtu wa chambo cha plastiki, au unatoka mara moja kwa mwezi, sikushauri. Litakuongezea uzito na bei, na likiharibika huwezi kulifungua ukaliacha nyumbani kama ile ndoo ya mikanda. Lakini ukitoka kila wiki na samaki unaowataka wanataka chambo hai, nunua, ila liwe katikati, lisilo na kona, na pampu yake uweze kuifikia kwa mkono bila kufungua nusu ya chombo. Mimi nilinunua ile ya pili.

Nimeitoa mara kumi na moja mpaka sasa. Nikirudi nyumbani naweka ndoo ya maji baridi ya bomba, nawasha pampu iyavute dakika tano, halafu naacha kifuniko wazi mpaka tangi likauke. Mara moja niliruka hatua hiyo kwa uchovu. Wiki iliyofuata pampu haikuzunguka, na nilipoifungua nilikuta chumvi imeganda kwenye mapangaboi yake, punje za ukubwa wa mchele. Niliziondoa kwa mswaki wa zamani, mzee akinishikia tochi, na saa kumi na moja alfajiri tulikuwa Avenida de la Playa, tangi tupu, tukisubiri wimbi lipite.