Sharti la kufungua litajwe siku ya kufunga

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: likija gonjwa jingine kama Korona, serikali iufungue mji lini baada ya kuufunga, na nani aamue? Mimi ni fundi cherehani. Naishi Likoni, ng'ambo ya feri, na nashonea Mji wa Kale, Mombasa, mtaa uliozungushiwa vizuizi vya polisi mwezi wa Mei 2020. Nitajibu kwa kuutazama mji wangu, kwa kuwa ndio niujuao.

Jibu langu ni hili: wakati wa kufungua usianze kutafutwa watu wakishachoka. Utajwe siku ileile ya kufunga, ndani ya amri yenyewe, kwa kipimo ambacho muuza samaki na dereva wa tuktuk wanaweza kukifuata redioni. Na amri hiyohiyo iseme wanaoishi kwa kipato cha siku watakula nini mpaka kipimo hicho kifikiwe. Amri isiyo na mawili hayo haijakamilika, hata kama sababu ya kufunga ni ya kweli.

Na sababu ilikuwa ya kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo nina majirani wanaoshikilia kwamba Korona ilikuwa maneno matupu. Tulizika watu. Wazee waliofariki Mji wa Kale walikuwa na majina na watoto, na wengine walikata roho nyumbani kwa kuogopa kwenda hospitali. Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alipotuonya kwamba tukiishi kama kawaida ugonjwa utatutenda yasiyo ya kawaida, hakuwa anatutisha bure. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, shule zikafungwa wiki iliyofuata, kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na mapema Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Kwa wiki zile za mwanzo, wakati hakuna aliyejua ugonjwa huu ungeua wangapi, mimi naona kufunga kulikuwa sahihi.

Taabu ilianza pale hatua ya dharura ilipogeuka kuwa maisha, bila mtu kutuambia mwisho wake ulipo.

Tazama tarehe mbili. Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi vilifungwa, asiingie mtu wala kutoka, masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa. Siku hiyo hesabu ya waliothibitishwa Kenya nzima ilikuwa 582. Tarehe 6 Julai, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia alfajiri ya siku iliyofuata njia za Nairobi, Mombasa na Mandera zinafunguliwa. Siku hiyo hesabu ilikuwa imepita 8,000. Mtaa ulifungwa wagonjwa wakiwa mia tano na kitu, njia za mji zikafunguliwa wakiwa elfu nane na zaidi. Mtu wa kawaida, ambaye kila alasiri ameketi mbele ya televisheni kusikiliza hesabu hiyo akiambiwa ndiyo sababu ya yeye kukaa ndani, ataelewa vipi?

Nafasi hiyo ndiyo iliyojazwa na uvumi. Barazani watu walisema pesa za wafadhili zimeisha, wengine wakasema wenye mahoteli wameshinda, wengine kwamba ugonjwa haukuwepo tangu mwanzo. Mimi nilifurahia kufunguliwa na bado nasema ilikuwa haki kufungua. Ila sababu nzuri za kufungua zilikuwepo, na sisi hatukuelezwa kwa lugha tuijuayo.

Sababu moja ilikuwa hapa hapa Pwani. Watafiti wa mradi wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, wenye makao Kilifi walipima damu 3,098 za wachangiaji damu, zilizotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Kwa Mombasa, karibu watu 8 katika kila 100 walikuwa na kingamwili, yaani walikwisha kukutana na kirusi. Kaunti ya Mombasa ina watu zaidi ya milioni 1.2. Hata ukihesabu watu wazima peke yao, hao ni makumi ya maelfu, ilhali hesabu ya Wizara kwa nchi nzima ilikuwa ya maelfu machache. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaenea mbali kuliko vizuizi vilivyowekwa kuuzuia, na wengi walioupata hawakufika hospitali. Kipimo hiki kingepewa uzito, mjadala wetu ungetoka kwenye "leo wameongezeka wangapi" ukaenda kwenye maswali yenye maana: wangapi wanahitaji oksijeni, vitanda vipo vingapi, mzee wa nyumba alindwe vipi.

Kwa hiyo wanaouliza kipimo gani kitajwe, nawajibu hivi. Hesabu ya walioambukizwa ni dhaifu kwa sababu inapanda na kushuka kufuatana na idadi ya waliopimwa. Mji wa Kale watu walikwepa kupimwa. Mpaka mapema Mei aliyepelekwa karantini alitakiwa kujilipia, na mtu wa kibarua akisikia hivyo hajipeleki. Wanaolazwa na wanaotiwa kwenye oksijeni hawawezi kujificha. Serikali yenyewe iliziagiza kaunti ziwe na angalau vitanda 300 vya kutenga wagonjwa. Sharti hilo lingetangazwa Aprili kwamba ndio ufunguo wa mji, kila mkaazi wa Mombasa angeuliza kila wiki: vimefika vingapi? Gavana naye angekuwa na la kujibu. Deni lingekuwa upande wa serikali pia, lisiwe la raia peke yao.

Nirudi kwenye tumbo, maana hapa ndipo nina mengi ya kusema.

Kwa fundi wa Mji wa Kale, Ramadhani ndiyo msimu. Kanzu, madera, nguo za watoto, oda zinaanza Shaabani na mwisho wa mfungo tunakesha cherehanini. Mwaka ule Idd-ul-Fitr iliangukia 24 Mei, na mtaa ulikuwa umefungwa tangu tarehe 6, kwanza kwa siku kumi na tano, kisha ikaongezwa mpaka 6 Juni. Vitambaa vya wateja vilibaki ndani, sisi wa Likoni tuko nje. Na hata asiyefungiwa hakuwa na kazi, kwani nani anashona nguo ya Idd wakati hakuna swala ya uwanjani wala kutembeleana? Kupima mteja nako kuna kumshika bega na kumzungusha futi kiunoni. Ukiambiwa ukae mita moja na nusu, utampima kwa macho? Wengine wetu tulishona barakoa kwa mabaki ya leso na vitenge, zikatusaidia kununua unga. Wenye kuuza kahawa na mahamri, wabeba mizigo wa soko la Marikiti, wanaosuka nywele, hawakuwa hata na hilo.

Ni kweli serikali ilitoa nafuu. Ushuru wa VAT ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na wanaopata mshahara usiozidi shilingi 24,000 wakaondolewa kodi ya mshahara. Lakini nafuu ya kodi ya mshahara inamfikia mwenye mshahara. Fundi hana hati ya mshahara, mama anayekaanga viazi karai hana. Kwetu nafuu iliyofika ni ile ya kutotozwa ada kwa kutumiana pesa za simu zisizozidi shilingi 1,000, na nakiri hiyo ilisaidia sana, kwa sababu tuliishi kwa kutumiana mia mbili mia tatu. Chakula cha msaada kilifika baadhi ya nyumba na nyingine zikapitwa. Kule Kibera, Nairobi, tarehe 10 Aprili, watu walikanyagana wakigombania msaada na wengine wakaumia. Watu wanaokanyagana kwa chakula hawawezi kukaa mbalimbali, na amri ya kutengana inakuwa imejivunja yenyewe.

Halafu kuna namna amri ilivyotekelezwa. Siku ya kwanza ya kafyu, pale kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakikimbilia feri wawahi nyumbani kabla ya saa moja walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi, na nchi nzima iliona picha. Waliobanana pale walikohoana na kulia machozi, ilhali lengo lilikuwa wasikaribiane. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Tarehe 1 Aprili Rais aliomba radhi kwa ukatili wa polisi, na katikati ya mwezi huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu ni halali ila nguvu za kupita kiasi ni kinyume cha Katiba. Hata hivyo, mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ilisema imepokea malalamiko 87, yakiwemo ya vifo 15. Nayaleta haya katika swali la kufungua kwa sababu imani ya watu ndiyo inayoamua mji uweze kufungwa kwa muda gani. Kila kirungu kiliupunguza muda huo.

Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Wanasema serikali ikijifunga kwa masharti mapema, kirusi kitabadilika na masharti yataonekana ya kijinga. Ni kweli kirusi kilibadilika: mwishoni mwa Machi 2021 kaunti tano, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, zilifungwa tena kwa sababu vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vinajaa, na Mei mwaka huo aina ya Delta ikagunduliwa Kisumu. Lakini sharti likibadilika, litangazwe limebadilika na kwa nini. Tena Rais mwenyewe alikaribia kufanya hivi. Siku alipofungua, Julai 2020, alisema hali itaangaliwa kwa siku 21 na ikizidiwa milango itarudi kufungwa. Hotuba hiyo ilieleweka na watu wa kila aina. Kama ya Aprili ingekuwa na maneno ya namna hiyo, tungevumilia kwa moyo mwingine.

Wengine hujibu kwa neno moja: Tanzania. Hawakufunga, wanasema, na hawakufa. Mimi nina ndugu Tanga na siwezi kulichukua jibu hilo kirahisi. Shule walifunga Machi na kuzifungua Juni, mipaka ya kutembea hawakuiweka, na biashara ziliendelea, hilo kweli. Lakini baada ya mwisho wa Aprili 2020 takwimu hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. Asiyehesabu hawezi kutumiwa kama ushahidi wa waliokufa wala wa waliopona. Upande mwingine tuitazame Uganda, ambako shule zilifungwa, zote au baadhi, karibu miaka miwili mpaka Januari 2022. Huko waliendelea kuzifunga baada ya maduka na masoko kufunguliwa, na watoto hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Hapa kwetu wengi walirudi darasani Januari 2021, na wapo wasichana wa mtaani kwangu ambao hawakurudi.

Sasa, nani aamue? Madaktari waseme hali ilivyo, serikali iamue, hilo halina mjadala. Ila mezani wawepo wanaobeba uamuzi. Tunao mfano mzuri: Juni 2020 liliundwa baraza la viongozi wa dini, likiongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria, na likatoa utaratibu wa kufungua nyumba za ibada kwa hatua: watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, walio chini ya miaka 13 na zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Kuna waliolalamika, hasa wazee waliozoea safu ya kwanza msikitini. Lakini utaratibu ulifuatwa, kwa kuwa maimamu na mapadri walikuwa wameshiriki kuutunga na waliusimamia wenyewe mlangoni. Hakuna baraza kama hilo lililoundwa kwa mafundi, wachuuzi, boda boda na wauza chakula, ambao ndio wengi mjini.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa katika Sheria ya Afya ya Umma, ile iliyotumika kufunga njia 2020. Kiongezwe kifungu: amri yoyote ya kufunga eneo iwe batili isipotaja kipimo cha kufungua, tarehe ya kuitazama upya isiyozidi siku 21, na chanzo cha pesa za kulisha wasio na mshahara. Orodha ya watu hao isisubiri gonjwa. Kaunti inatujua, kila mwaka inatutoza leseni, na wachuuzi inawatoza kila asubuhi. Daftari la kutoza ndilo litumike kulipa. Na kamati ya kaunti ya dharura za afya iwe na viti vya watu wa kazi za mikono, waliochaguliwa na wenzao, wenye haki ya kuiona hesabu ya vitanda na oksijeni siku ileile daktari mkuu wa kaunti anapoiona. Mafundi wa Mji wa Kale tuna chama chetu na mwenyekiti wake anajulikana. Mwaliko ukija, atahudhuria.