Kuku 500 wa mayai kwa kiinua mgongo, Moshi: jibu kwa Mwalimu mstaafu

Shikamoo Mwalimu. Umeeleza kwamba umestaafu ukiwa na miaka 60, unakaa Pasua, kiinua mgongo kimeshaingia, na kijana mmoja amekushauri ununue kuku 500 wa mayai kwa mpigo. Akakutia moyo kwa mfano wa yule mzee wa KFC "aliyeanza na miaka 65". Unauliza kama kwa umri wako inawezekana. Inawezekana kabisa, ila 500 ni wengi mno kwa kuanzia, na habari ya yule mzee umesimuliwa nusu.

Mzee huyo ni Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC, migahawa ya kuku wa kukaanga ya Marekani, aliyezaliwa 1890. Alianza kuwauzia wasafiri chakula kwenye kituo chake cha mafuta pale Corbin, Kentucky, mwaka 1930. Mwaka 1939 akaanza kupika kuku kwa sufuria ya presha, kwa sababu kikaango cha kawaida kilimweka mteja nusu saa nzima. Mwaka 1952 Pete Harman, mwenye mgahawa Salt Lake City, akawa wa kwanza kuruhusiwa kupika kwa mapishi yake. Kisha barabara kuu mpya ikapita mbali na mgahawa wa Corbin, wateja wakakatika, na mwaka 1956 mzee akauza mali akabaki na hundi ya uzeeni ya dola 105 kwa mwezi. Hapo ndipo alipozunguka na gari akiwashawishi wenye migahawa. Kwa hiyo alipoingia barabarani alikuwa amekaa na kuku huyohuyo robo karne. Hakujenga jengo jipya. Aliwafundisha wengine mapishi, akalipwa senti 4 kwa kila kuku aliyeuzwa. Mwaka 1964 aliuza kampuni kwa dola milioni 2.

Anayeanza uzeeni ashike hapo kwenye senti 4. Sanders alijua kila kuku anamletea nini. Hebu tufanye hesabu hiyo kwa kuku wako.

Kuku wa mayai, tangu kifaranga cha siku moja hadi yai la kwanza, anakula kilo 7 hadi 8. Yai hilo linakuja wiki ya 18 hadi ya 20. Kuku 500 watakula karibu kilo 3,750, yaani mifuko 75 ya kilo 50, kabla hujaokota hata yai moja. Miezi minne na nusu pesa inatoka tu. Banda, vifaranga, chanjo na mkaa bado hatujavigusa. Hapa ndipo wastaafu wengi wanapokwama: banda limejengwa la kifahari, fedha zinakata kuku wakiwa na wiki 14, mtu anaanza kupunja chakula au kuchanganya pumba nyingi. Kuku aliyepunjwa umri huo anachelewa kutaga, akitaga yai ni dogo, na kilele cha utagaji hakifikii. Mtu anasema kuku wa kisasa hawalipi, kumbe waliumizwa kabla ya kuanza kazi.

Anza na 100. Hao ni mifuko 15 hadi yai la kwanza. Wakishataga, kila mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, basi mfuko mmoja unakwenda siku nne na kidogo. Wakitaga kwa asilimia 80 unapata mayai 80 kwa siku, trei 18 na kitu kwa wiki. Kwa kiwango hicho trei moja ya mayai 30 inakula kilo 4.3 za chakula. Wakishuka hadi asilimia 60, trei hiyohiyo inakula kilo 5.75. Chukua bei ya kilo ya chakula leo hapo Moshi, zidisha kwa 4.3, halafu linganisha na bei ya trei ya jumla. Chakula ni kama asilimia 70 ya gharama zote, hivyo ikiwa kinameza asilimia 70 au zaidi ya bei ya trei, usinunue vifaranga hadi upate soko bora au chakula nafuu.

Kiinua mgongo kigawe mapema. Ningetumia theluthi moja kwa banda, vyombo na vifaranga, theluthi ya pili iwe chakula na chanjo hadi kuku wafike kileleni, wiki ya 28 au 30, na theluthi ya tatu isiguswe hata kuku wote wafe. Ukiwa na 100 huenda hata nusu ya fedha hizo usiifikie, na hiyo ndiyo nia. Pensheni ya kila mwezi ni yako na dawa zako. Usiilishe kuku. Mtu wa miaka 30 akipoteza mtaji ana miaka ya kuurudisha. Wewe Mwalimu mtaji huu ni wa mara moja, nami ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu linapuuzwa sana.

Kabla ya banda, tafuta wanunuzi. Zunguka kwenye vibanda vya chipsi kuanzia Majengo hadi Mbuyuni na stendi, uulize kila mmoja anatumia trei ngapi kwa wiki na analipaje. Vibanda vitano au sita vinavyochukua trei tatu kila kimoja vinamaliza mayai ya kuku 100. Kuku 500 wangekudai soko la trei zaidi ya 90 kila wiki, na hapo utalazimika kwenda kwenye hoteli na maduka makubwa ambayo mara nyingi yanataka mali kauli, ulipwe baada ya mwezi, wakati mwenye duka la chakula anataka fedha leo. Muuza chipsi analipa papo hapo. Umefundisha miaka mingi, wazazi na wapishi wa shule wanakujua kwa jina. Huo ni mtaji ambao kijana wako hana.

Banda la kuku 100 liwe mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, ili kila mita ya mraba ikae kuku wanne au watano. Urefu uelekee mashariki na magharibi jua lisipige ndani moja kwa moja. Ukuta uinuke kama sentimita 80, juu yake waya. Usiku upepo wa mlimani unashuka, hivyo weka mapazia ya viroba yanayofungwa kutoka chini kwenda juu, na sentimita 30 za juu ziachwe wazi siku zote. Wengi hufunga banda lote kwa kuogopa baridi, hewa ya mkojo inajaa, macho ya kuku yanatoa machozi na mafua yanaanza. Chini sakafu ya saruji, juu yake pumba za mpunga kina cha sentimita 8 hadi 10. Pumba zinapatikana Mabogini na Chekereni kwenye mashine za mpunga. Zikilowa karibu na vyombo vya maji zitoe siku hiyohiyo, maana hapo ndipo kuhara damu kunapozaliwa. Viota 20, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, viwekwe sehemu yenye giza.

Fikiria pia magoti na mgongo. Mlango uwe mpana toroli ipite, stoo ishikane na banda, na viota viwe usawa wa kiuno. Kuku 100 hawamlipi kijana wa kazi, kwa hiyo mifuko hiyo itakuwa mikononi mwako.

Vifaranga vinapofika viwekwe kwenye duara la ubao mwembamba, kwa sababu kwenye pembe vinalaliana na kufa kwa kukosa hewa. Joto wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 34, kisha shusha mbili au tatu kila wiki. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga vyenyewe vinasema: vikijikusanya chini ya joto vina baridi, vikikimbilia kingo na kuhema limezidi. Jiko la mkaa liwashwe nje hadi moshi uishe ndipo liingizwe, na juu pawe na upenyo, kwani hewa ya mkaa inaua kimya kimya, hata mtu. Papasa vifuko vya chakula vilivyo chini ya shingo za vifaranga usiku wa kwanza. Karibu vyote viwe vimejaa na laini.

Chanjo ya mahepe, ugonjwa unaopoozesha kuku, hupigwa kwenye kituo cha kutotoleshea, dai uthibitisho. Kideri, yaani mdondo, siku ya 7 na ya 21, kisha kila miezi mitatu. Gamboro siku ya 14 na ya 28. Ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Afisa mifugo wa kata anaweza kusogeza siku kulingana na magonjwa yaliyopo, mfuate. Chanjo za maji huharibika kwa dawa iliyomo kwenye maji ya bomba: koroga gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri nusu saa, ndipo uweke chanjo. Kuku washinde kiu saa mbili kabla, na maji yaishe ndani ya saa mbili.

Chakula cha kuchanganya mwenyewe kiache kwa kundi la kwanza. Ukifika huko, kwa kilo 100 mchanganyiko wa kutagia unaweza kuwa mahindi yaliyoparazwa 50, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 15, mashudu ya soya 8, dagaa 5, chokaa ya mifugo 8, mifupa iliyosagwa 1.5, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) robo kilo na chumvi robo kilo. Chokaa ikipungua ganda linakuwa laini na kuku wanaanza kula mayai. Mahindi yenye ukungu yasiingie kamwe, hata yakiwa ya bure, sumukuvu haiondoki kwa kuanika.

Wiki ya 18 anza kuongeza mwanga nusu saa kila wiki hadi ufike saa 16: taa kuanzia saa 10 alfajiri hadi kuche, na jioni hadi saa 2 usiku. Ukifika hapo usipunguze. Umeme ukikatika siku kadhaa mayai yanashuka, basi weka taa ya kuchaji.

Kisha daftari, na hapa hakuna atakayekushinda. Lifungue kama la mahudhurio: tarehe, kilo za chakula, lita za maji, mayai, waliokufa. Kuku 100 wanakunywa kama lita 25 kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Maji yakishuka ghafla ugonjwa uko njiani kabla hujaona aliyesinzia. Mayai yakipungua siku mbili mfululizo, kagua maji, chakula na taa kwa mpangilio huo kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Kuhusu tarehe, vifaranga viingie Septemba au Oktoba. Baridi ya Juni na Julai imepita, mkaa unatumika kidogo, watataga shule zikiwa zimefunguliwa, na miezi 18 au 19 tangu vifaranga viingie wanakuwa wamechoka kutaga karibu na Pasaka, wakati kuku wa kitoweo anatafutwa. Weka oda mwezi mmoja na nusu kabla, na banda likae limesafishwa na kukauka wiki mbili bila kuku. Mbolea usiitupe, wenye vihamba vya migomba Uru na Kibosho wanaifuata wenyewe kwa gari. Ukishapata majibu ya vibanda vya chipsi, ziweke hapa idadi za trei na bei ya chakula ya siku hiyo, tupige hesabu pamoja kabla hujaagiza tofali.